KWENDA BAGAMOYO KWA BAISKELI, NA KURUDI SALAMA

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

[Sauti ya kengele ya baiskeli]

Natumaini mmekaa vizuri, na kila mmoja ana daftari lake na kalamu. Mwenye karatasi ya somo hili na aifungue mbele yake, afuate kwa kidole pole pole. Neno likimshinda aliwekee alama, amwulize mwalimu wake baadaye. Kuuliza si ujinga.

Kengele mliyoisikia ni ya baiskeli. Sisi wa mji huu twaijua sana baiskeli. Kila asubuhi twaiona Kariakoo imebeba mikate, mayai, kuku, magunia na madumu ya maji. Twaijua kama punda wa kazi. Lakini leo nataka tuitazame kwa namna nyingine. Leo baiskeli itatuchukua safari, kutoka hapa Posta mpaka mji wa Bagamoyo, ulio pwani kaskazini yetu, karibu kilomita 70.

Wengi wenu mmepata kwenda Bagamoyo kwa basi. Je, mliona nini njiani? Huenda mlilala, au mlitazama simu. Mtu wa baiskeli hawezi kulala. Yeye huona kila kijiji, husikia harufu ya mihogo inayochomwa, na akimsalimu mtu huitikiwa. Basi kwake yeye njia ile ile ya kila siku huwa kama nchi mpya. Lakini yako mambo ya kujua kabla ya kuondoka, na asiyeyajua aweza kupoteza hata maisha yake. Hayo ndiyo somo letu.

HESABU YA MAFUNGU MATATU

Chukueni kalamu. Tutaanza na hesabu, maana safari hii haishindwi kwa miguu tu. Hushindwa kwa hesabu.

Mtu wa kawaida, mwenye baiskeli nzima, katika njia ya lami, aweza kwenda kilomita 14 kwa saa moja bila kujitesa. Tuandike: kilomita 70 tugawanye kwa 14. Jibu ni saa 5. Sasa tuongeze mapumziko. Dakika 10 kila baada ya saa moja, na kituo kimoja kirefu cha chai. Yote pamoja ni kama saa 1. Basi 5 na 1 ni saa 6. Ukiondoka saa 12 asubuhi, utafika saa 6 mchana.

Hapo mtu asiyepiga hesabu mpaka mwisho atasema: "Vyema, nitapumzika saa 1 nile samaki, nirudi leo leo." Tumfanyie hesabu yake. Aondoka Bagamoyo saa 7 mchana. Aongeze saa 6 za njiani. Atafika saa 1 usiku, tena akiwa amechoka, akiingia mjini wakati magari ni mengi na jua limekwisha kutua.

Ndiyo maana nawapa kanuni moja, nayo ni rahisi kukumbuka. Igawe safari katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kwenda. Fungu la pili ni la kurudi. Fungu la tatu ni akiba, wala usiliguse ila kwa shida. Gawa hivyo nguvu zako, maji yako na mwanga wa mchana.

Nchi yetu ina saa 12 hivi za mchana kila siku. Zigawe kwa 3, upate saa 4, 4 na 4. Kwa hiyo safari ya siku moja ni ile ambayo kwenda kwake hakuzidi saa 4. Bagamoyo yataka saa 6. Basi Bagamoyo si ya kwenda na kurudi siku moja. Nenda leo, lala huko, urudi kesho. Mwenye siku moja tu na aende Tegeta au Bunju, ageuze.

Na aliye mgeni wa safari ndefu asianze na Bagamoyo. Jumapili ya kwanza aende Mwenge na kurudi, yapata kilomita 20 kwa jumla. Jumapili ya pili aende Tegeta na kurudi, yapata kilomita 50. Mwili hujifunza kama mtu anavyojifunza herufi. Huwezi kusoma kitabu siku ya kwanza.

UPEPO UNAODANGANYA

Liko jambo jingine ambalo wavuvi wetu walijua zamani. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, hasa toka Desemba hata Machi. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini, hasa toka Mei hata Septemba. Vyombo vya tanga vilikuja na kurudi kwa pepo hizo.

Baiskeli haina tanga, lakini kifua chako ni tanga. Kwa kuwa Bagamoyo iko kaskazini yetu, Kusi hukusukuma wakati wa kwenda. Utajiona hodari. Utasema, "Kumbe mimi ni mwepesi hivi!" Si wewe, ndugu yangu, ni upepo. Siku ya kurudi upepo huo huo utakupiga kifuani, na kilomita 14 kwa saa zitakuwa 10, au pungufu yake. Kilomita 70 ukizigawa kwa 10 ni saa 7, nazo bado hazina mapumziko. Wakati wa Kaskazi mambo hugeuka: wateseka kwenda, wasaidiwa kurudi.

Mimi mwenyewe upepo huo ulinifunza. Nilikwenda mwezi wa Agosti, na Kusi mgongoni. Nilifika Bagamoyo saa 4 na nusu asubuhi, nikajisifu sana. Nikakaa, nikala, nikazungumza. Saa 8 na nusu mchana nikaona kwamba naweza kurudi siku ile ile, maana asubuhi njia ilikuwa rahisi. Upepo ulinishika tangu nilipotoka mjini. Jua lilitua sijafika Bunju, wala sikuwa na taa. Lori moja lilinipita karibu hata upepo wake ukanisukuma majanini. Nilikaa pale chini nikitetemeka. Halafu nikaikokota baiskeli mpaka nyumba ya kwanza niliyoiona, nikapiga hodi. Mzee wa nyumba ile alinipa mkeka barazani, hakuniuliza neno mpaka asubuhi. Siku hiyo nilikuwa na miguu, lakini sikuwa na hesabu.

Kuhusu mvua, masika makubwa huwa Machi hata Mei, na mwezi wa Aprili ndio wenye maji mengi. Wakati huo mabonde ya mji hufurika, na njia za pembeni huwa tope. Miezi mizuri kwa safari hii ni Juni hata Septemba, maana hakuna joto kali, lakini mkumbuke Kusi.

KUITENGENEZA BAISKELI KARIAKOO

Siku mbili kabla ya safari, ipeleke baiskeli kwa fundi. Usingoje asubuhi ya safari. Katika mitaa ya Kariakoo vifaa vya baiskeli hupatikana, na mafundi wengi hufanya kazi chini ya kivuli pembeni mwa njia. Iwe ni Phoenix ya kutoka Uchina, au Avon ya kutoka India, au Raleigh ya babu yako, mambo ya kutazama ni yale yale.

Tazama breki zote mbili. Tazama mnyororo, uwe na mafuta wala usilegee. Tazama tairi, zisiwe na ufa. Tikisa gurudumu kushoto na kulia; likicheza, fundi alikaze. Tazama taa na kengele. Halafu tazama keria, yaani kile chuma cha nyuma cha kuchukulia mzigo.

Neno hili keria lina habari yake. Limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya mchukuzi. Na jina la Kariakoo limetokana na neno hilo hilo. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliuteka mji huu mwezi Septemba 1916. Mahali penye soko sasa waliweka kambi ya wapagazi wa jeshi lao. Kikosi hicho kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Wenyeji walipolitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Wapagazi hao walibeba vyakula na risasi kwa vichwa na mabega, wakifuata majeshi porini. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, waliuawa na maradhi na njaa. Kwa hiyo unapofunga mzigo wako juu ya keria ya baiskeli pale Kariakoo, fahamu kwamba umesimama mahali pa wachukuzi.

Mzigo wako uwe mdogo. Chukua tyubu moja ya akiba, pampu, viraka, solusheni, kipande cha msasa na spana. Chukua nguo moja ya kubadili, kofia, kitambaa safi, na chupa mbili za maji za lita 1. Funga kwa mpira imara, na utazame kwamba hakuna kamba inayoning'inia karibu na gurudumu.

Tena jifunze kuziba pancha mwenyewe, kwa maana fundi hayuko kila mahali. Fanya hivi:

1. Toa tyubu, uijaze upepo, uitie majini. Panapotoka mapovu ndipo penye tundu.
2. Ikaushe, halafu sugua mahali pale kwa msasa.
3. Paka solusheni kidogo. Ngoja mpaka ising'are tena.
4. Bandika kiraka, ukigandamize sana.
5. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole pole pole ndani ya tairi. Mwiba ulioitoboa mara ya kwanza huenda ungali mle.

Hatua ya tano husahauliwa na wengi. Huziba tundu, wakauacha mwiba.

KUONDOKA POSTA

Sasa ni siku ya safari, saa 12 asubuhi. Tunaanzia kwenye Sanamu ya Askari, pale katikati ya mji katika Mtaa wa Samora. Usipite haraka. Simama, uisome. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927, kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita ile niliyowaambia. Maandishi yake ni ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu. Watu wengi huipita kila siku kwa miaka 20 wala hawajui kinachosemwa pale. Wewe leo waweza kusoma. Soma kwa sauti, hata kama watu watakutazama.

Kutoka hapo fuata Mtaa wa Maktaba, uingie Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, uvuke Daraja la Selander, ambapo maji ya Msimbazi huingia baharini. Halafu Morocco, Makumbusho na Mwenge. Baada ya Mwenge ni Lugalo, Mbezi Beach, Kunduchi, Tegeta, Boko na Bunju. Yaandike majina haya kwa utaratibu wake kwenye kipande cha karatasi, ukitie mfukoni. Ukiona kibao chenye jina, linganisha na karatasi yako. Simu ikizima, karatasi haizimi.

Yashike haya njiani. Nenda upande wa kushoto daima. Usiingie katika njia ya mabasi yaendayo haraka; si yako, na mabasi yake hayakutarajii. Kwenye kituo cha daladala punguza mwendo, kwa kuwa daladala huingia na kutoka ghafula, na abiria hushuka bila kutazama nyuma. Ukipita gari lililosimama, acha nafasi ya mlango kufunguka. Mkiwa wawili msiende sambamba. Mmoja atangulie, mwingine afuate.

Karibu na Tegeta jihadhari na malori. Kule Wazo kuna kiwanda cha saruji, na magari mazito hupita mchana na usiku. Ukisikia lori nyuma na njia ni nyembamba, usishindane nalo. Toka pembeni, simama, liache lipite. Dakika moja si kitu. Haraka haraka haina baraka.

Jifunze pia vibao. Kibao cha pembe tatu chenye mpaka mwekundu chakuonya: mbele kuna hatari. Kibao cha duara chenye mpaka mwekundu chakukataza jambo. Na pale palipoandikwa MATUTA, shika breki mapema, maana tuta moja laweza kukurusha juu ya usukani.

MAJI NA CHAKULA

Kunywa maji kabla ya kiu. Nusu lita kwa saa moja yafaa kwa watu wengi. Kwa saa 6 ni lita 3. Una chupa mbili za lita 1, basi utazijaza tena njiani walau mara moja. Fanya hivyo Bunju, wala usingoje ziishe.

Chakula kizuri asubuhi ni kile kinachokaa tumboni: chapati na maharage, au viazi vitamu, au uji mzito. Njiani nunua ndizi, machungwa na madafu. Usile mlo mzito wa mafuta katikati ya safari, utashikwa na usingizi.

Mtu akihara, au akitapika, au akitoka jasho mno hata akalegea, mpumzishe kivulini, umpe maji haya. Chukua lita 1 ya maji safi. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa juu. Tia nusu kijiko kidogo cha chumvi. Koroga, mpe anywe kidogo kidogo. Chumvi isizidi, maana ikizidi ina madhara. Akichanganyikiwa maneno, au akizimia, safari imekwisha. Mpelekeni hospitali mara moja.

KUULIZA NJIA

Baada ya Bunju tunavuka Mto Mpiji. Hapo twatoka Mkoa wa Dar es Salaam, twaingia Mkoa wa Pwani. Mbele yetu ni Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo. Hapa nyumba hupungua, minazi na miembe huongezeka, na watu wana nafasi ya kuzungumza.

Watu wa pwani ni wapole, hawapendi kumvunja mgeni moyo. Ukiuliza, "Je, Bagamoyo ni karibu?" watakujibu, "Karibu, hapo tu." Wewe utakwenda saa 2 ukitafuta hapo tu. Uliza hivi: "Kwa miguu, mtu atatumia muda gani?" Hapo utapata jibu la kweli. Tena usiulize, "Njia hii yaenda Kaole?" kwani ni rahisi kukujibu ndiyo. Uliza, "Njia hii yaenda wapi?" Halafu nyamaza, usikilize.

Kabla ya yote, salamu. Shuka juu ya baiskeli ukizungumza na mtu mzima. Mwambie shikamoo. Ukitaka kivuli cha mwembe wa mtu, piga hodi kwanza. Mgeni aliyeshuka akasalimu hupewa maji, na njia huonyeshwa. Mgeni anayepiga kelele akiwa juu ya baiskeli huonekana hana adabu.

KAOLE NA BAGAMOYO

Kabla ya kufika mjini, kama kilomita 5 kusini ya Bagamoyo, pana Kaole. Huo ni mji wa kale wa Waswahili. Waweza kuona magofu ya misikiti miwili, na makaburi yenye nguzo za mawe. Msikiti wa zamani zaidi hukadiriwa kuwa wa karne ya 13. Utalipa kiingilio, dai stakabadhi, uisome, uone kama kiasi kilichoandikwa ni kile ulichotoa. Usikanyage makaburi wala usiokote kigae.

Ndipo tunaingia Bagamoyo. Katika karne ya 19 hapa palikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji. Kutoka Ujiji ni zaidi ya kilomita 1,000. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuja kwa miguu, kila mmoja na mzigo wa kiasi cha kilo 30. Walileta pembe za ndovu. Na pamoja na misafara hiyo walikuja watu waliokamatwa utumwa, waliopelekwa Zanzibar kuuzwa. Ndiyo maana jina la mji hufasiriwa kwa njia mbili. Wengine husema ni bwaga moyo, yaani pumzika, mzigo umefika. Wengine husema ni maneno ya mtumwa anayeuacha moyo wake bara, kwa kuwa hatarudi tena.

Wajerumani walifanya makao yao makuu hapa, halafu mwaka 1891 wakayahamishia Dar es Salaam. Sababu moja ilikuwa bahari. Maji ya Bagamoyo ni machache, meli kubwa haziwezi kukaribia, bali bandari yetu ina kina. Na reli ya kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905, ilianzia Dar es Salaam. Basi mji wetu ukakua, na Bagamoyo ikatulia.

Nenda pia kwenye misheni ya Wakatoliki, iliyoanzishwa mwaka 1868. Mwezi Februari 1874 ulifikishwa hapo mwili wa David Livingstone, Mskoti aliyefariki mwaka 1873 katika nchi iitwayo sasa Zambia. Wenzake Waafrika, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuchukua kwa miguu zaidi ya kilomita 1,500 mpaka pwani. Kati yao alikuwamo kijana mmoja, Jacob Wainwright, aliyekuwa amekombolewa utumwani na kusomeshwa India. Yeye alijua kusoma na kuandika. Alichonga jina la marehemu na tarehe kwenye mti, na akaandika habari za safari yao. Katika msafara mzima wengi walibeba mizigo mizito kuliko yeye. Lakini yeye alibeba kalamu, na kwa kalamu hiyo maneno yake yametufikia sisi.

Kwa malazi, tafuta nyumba ya wageni kabla jua halijatua. Patana bei kwanza, uulize kama baiskeli italala ndani. Ifunge kwa kufuli hata ikiwa ndani. Jioni waweza kushuka pwani penye soko la samaki, ule pweza au samaki wa kukaanga, utazame majahazi. Lala mapema.

KURUDI

Asubuhi, kabla ya chai, tazama majani ya minazi. Yanaelekea wapi? Kama Kusi imeamka, ondoka mara kunapopambazuka, upate saa nyingi kabla haijapata nguvu. Gusa magoti yako, tazama tairi zako, hesabu fedha zako. Ukiona fungu la akiba limekwisha guswa, si aibu kurudi kwa basi. Mabasi madogo hupita njia hii hii. Patana nauli yako na ya baiskeli kabla haijapandishwa juu. Mtu aliyerudi kwa basi atasafiri tena. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na sisi safari yetu haikwishi Bagamoyo. Yakwisha nyumbani, mlango ukifunguliwa na mwenzako akisema, "Umerudi?"

KAZI YA KUANDIKA

Wanafunzi wangu, kabla hamjafunga daftari, andikeni karatasi ya safari. Ina mistari mitano tu:

1. Jina langu ni ...
2. Nakwenda ..., kwa njia ya ...
3. Naondoka tarehe ..., saa ...
4. Nitarudi tarehe ..., kabla ya saa ...
5. Nisiporudi, mpigieni simu ..., nambari ...

Karatasi hii mwachie mtu wa nyumbani, na nakala yake uiweke mfukoni mwako. Likikupata jambo njiani, hata kama huwezi kusema, karatasi itasema kwa niaba yako. Mwaka jana labda hukuweza kuiandika. Leo waweza.

MASWALI

1. Mtu aenda kilomita 12 kwa saa moja. Atachukua saa ngapi kwenda kilomita 48, bila mapumziko? Je, safari hiyo yaingia katika fungu la saa 4?
2. Kwa nini safari ya kwenda huwa rahisi mwezi wa Agosti, na ya kurudi huwa ngumu?
3. Jina la Kariakoo limetoka wapi?
4. Andika swali moja zuri la kumwuliza njia mtu wa kijijini.
5. Ni hatua gani ya kuziba pancha ambayo wengi huisahau?

Jadilianeni majibu na mwalimu wenu, na kila mmoja asome kwa sauti karatasi yake ya safari. Kwa herini, na safari njema.

[Sauti ya kengele ya baiskeli]